Usianze na Noti: Namna ya Kujenga Sarafu ya Jamii Isiyokwama

Watu wakinijia kuuliza habari za sarafu ya jamii, ile ambayo wanajamii huiunda wenyewe ya kulipana wao kwa wao, wengi huja na noti tayari. Wameshaichora, wameshaipa jina, na mmoja wao ameshaulizia bei ya kuchapa. Mimi huwauliza jambo moja tu: ikishafika kwa mwenye duka, yeye ataitumia wapi? Hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza.

Mimi ni mtunza daftari. Kazi yangu katika kikundi cha kubadilishana ni kuandika nani kampa nani nini, na kumpigia simu yule ambaye salio lake limeota mizizi. Kwa hiyo nitakayoandika hapa ni ya mtu anayeiona sarafu kwa jicho la daftari. Msanii wa noti angekuandikia mengine.

Jiulizeni kama tatizo lenu ni pesa

Sarafu ya jamii ni ahadi. Nikikufanyia kazi leo, kuna mtu kati yetu atanipa kitu cha thamani hiyohiyo kesho, hata kama mtu huyo si wewe. Inafaa pale ambapo mikono imekaa bure, mahitaji yapo palepale, na kinachokosekana ni pesa ya kuvikutanisha. Fundi cherehani hana wateja, jirani yake ana watoto wenye sare zilizochanika, na wote wawili wanangoja mwisho wa mwezi. Hapo sarafu ina kazi ya kufanya.

Lakini kama kinachokosekana ni kitu chenyewe, yaani dawa, mafuta au saruji, ambacho hakuna anayekitengeneza kati yenu, daftari halitakizaa. Robert Owen alifungua soko la kubadilishana kazi London mwaka 1832. Mtu alileta alichotengeneza, akapewa noti iliyoandikwa idadi ya saa. Vitu vizuri viliondoka upesi; vilivyobaki rafuni ni vile ambavyo hakuna aliyevitaka, na mwenye noti ya saa akawa hana cha kununua. Soko likafungwa 1834. Noti zake hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye bidhaa: watu walizileta bila kwanza kuulizana nani anahitaji nini.

Orodha kabla ya jina

Kwa hiyo kaeni chini na karatasi. Kila anayetaka kuingia aulizwe mambo matatu, na majibu yaandikwe kwa mkono wake. Unatoa nini ambacho mwezi huu ungeweza kutoa zaidi kama mteja angekuwepo? Pesa yako ya kila mwezi inaishia wapi, na unamlipa nani? Katika bei unayotoza, ni kiasi gani hubaki kwako baada ya kuwalipa watu wa nje? Swali la tatu watu hulikwepa, wanaona unawachungulia mfukoni. Waelezeni kwamba bila jibu lake hamtajua ni kiasi gani wanaweza kupokea kwa sarafu yenu bila kufilisika.

Wakazi wa Conjunto Palmeiras, mtaa wa Fortaleza, Brazili, walifanya hivyo kabla ya benki yao ya mtaa, Banco Palmas, kufunguliwa mwaka 1998. Waliulizana wananunua nini na wananunua wapi, wakagundua kwamba sehemu kubwa ya pesa yao ilikuwa inatoka nje ya mtaa. Walikuwa wakijiona maskini, kumbe pesa ilikuwa inapita tu bila kukaa.

Mkishapata majibu, andikeni majina kwenye karatasi kubwa na mchore mishale kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji. Tafuteni mzunguko unaorudi ulikoanzia. Kisha tafuteni jina ambalo mishale mingi inaliingia na hakuna unaotoka. Nitalirudia baadaye, maana hilo ndilo litakalowaua au kuwaokoa.

Aina tatu, na ninayoipendelea

Kuna vocha yenye akiba: unaleta pesa ya nchi, unapewa vocha ya thamani hiyo, na pesa yako inawekwa benki. Chiemgauer ya Bavaria, Ujerumani, iliyoanza 2003 kama mradi wa shule, iko hivyo. BerkShares ya Massachusetts, Marekani, ya 2006 vilevile, na ndivyo ilivyokuwa Brixton Pound ya London ya 2009. Ni rahisi kuaminika, kwa kuwa kila vocha ina pesa nyuma yake. Ninachokilalamikia ni kwamba asiye na pesa hapati vocha. Inasaidia biashara za mtaani dhidi ya maduka makubwa, jambo zuri, lakini yule fundi cherehani asiye na wateja inamwacha palepale.

Kuna benki ya muda, ambapo saa moja ni saa moja, iwe ya daktari au ya mfagiaji. Teruko Mizushima aliianzisha Japani mwaka 1973, na Edgar Cahn akaisambaza Marekani kuanzia miaka ya 1980. Kwa kulea watoto, kuwasindikiza wazee hospitali na kufundishana, sijaona bora yake. Kwa bidhaa ina taabu, kwa sababu unga na misumari havihesabiki kwa saa.

Ya tatu ni mikopo ya wanachama wenyewe kwa wenyewe. Hakuna anayechapa kitu. Kila mtu anaanza na sifuri. Akinunua anashuka chini ya sifuri, akiuza anapanda. WIR, ushirika wa wafanyabiashara wa Uswisi, ilianza na wazo la namna hii mwaka 1934, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na mpaka leo ipo ikiwa benki kamili. Michael Linton aliifanyia mfumo mdogo wa kijamii huko Comox Valley, Kanada, mwaka 1983, na Sardex ikaileta kwa wafanyabiashara wa Sardinia, Italia, mwaka 2010. Kama tatizo lenu ni ukosefu wa pesa, anzeni na hii, maana sarafu inazaliwa pale pale kazi inapofanyika.

Ukurasa mmoja wa daftari

Nitaonyesha kwa watu wanne. Kipimo chao wamekiita alama, na wamekubaliana alama moja ilingane na kipimo kimoja cha pesa ya nchi, ili watu wasivunjike vichwa na bei. Kikomo ni 120 juu na 120 chini: hakuna anayeruhusiwa kuvuka, hata kwenda juu.

Seremala anamtengenezea fundi cherehani meza kwa 40. Fundi cherehani yuko chini 40, seremala yuko juu 40. Mwalimu anamfundisha mtoto wa seremala kwa 25: seremala anabaki na 15, mwalimu ana 25. Mwalimu anachukua vitu dukani vya 60, anashuka hadi chini 35, na mwenye duka anapanda hadi 60. Fundi cherehani naye anachukua vitu vya 50, anafika chini 90. Duka limefika 110.

Jumlisheni: chini 90, chini 35, juu 15, juu 110. Jibu ni sifuri. Lazima liwe sifuri kila jioni. Lisipokuwa sifuri kuna mahali pameandikwa vibaya au kuna mtu anajiandikia. Mimi siondoki mezani kabla ya kuiona hiyo sifuri.

Sasa seremala anakwenda dukani na alama zake 15. Duka likizipokea litafika 125, limevuka kikomo, kwa hiyo mwenye duka anakataa. Seremala anatoka akisema hii sarafu ni ya uongo, na kesho yake habari imeshazunguka. Watu wakisikia “mradi ulikufa,” mara nyingi wanachozungumzia ni siku hii.

Mwenye duka

Angalieni kilichotokea. Watu watatu walinunua au walitaka kununua kwake, yeye hakununua kwa yeyote. Kumlaumu kwamba hana moyo wa jamii ni kumwonea. Wanaomuuzia jumla wanataka pesa ya nchi, na kodi ya pango pia. Alama zikimjaa anakuwa amewakopesha wote bila kutaka.

Dawa ya kwanza ni hesabu ya ile faida mliyouliza kwenye orodha. Kama katika kila mia ya mauzo anabaki na ishirini, basi apokee ishirini kwa alama na themanini kwa pesa. Asipokee zaidi, hata akijipiga kifua kwamba anaweza. Wapo wanaojitolea wiki za mwanzo wakapokea bei nzima kwa alama, na hao ndio hujitoa kwa hasira kuliko wote. Kinyozi, mwalimu na fundi, ambao gharama zao za nje ni ndogo, wanaweza kupokea nusu au yote.

Dawa ya pili ni ya miguu. Mtunza daftari aende dukani na aulize: kila mwezi unalipia nini? Utashangaa. Rafu zimelegea, mifuko inahitajika, mizigo inabebwa, hesabu zinachelewa, kuta zinataka rangi. Katika mfano wetu mwenye duka anaagiza rafu za 70 kwa seremala na mifuko ya 60 kwa fundi cherehani. Duka linatoka juu 110 na kufika chini 20. Seremala ana 85, fundi cherehani amepanda kutoka chini 90 hadi chini 30, mwalimu bado chini 35. Jumla ni sifuri, na duka liko wazi tena. Hakuna kilichochapwa wala kilichoingizwa kutoka nje. Ni mazungumzo ya robo saa kwenye kaunta.

Dawa ya tatu ni kutafuta mpokeaji mkubwa, mtu au taasisi ambayo kila mmoja anailipa kitu. Mji wa Wörgl, Austria, unatajwa sana katika mambo haya, na wengi husimulia habari ya stempu zake (nitazieleza mbele) wakaacha hii. Mwaka 1932 meya Michael Unterguggenberger alilipa vibarua wa barabara na ujenzi kwa vyeti vya kazi vya mji, na mji huohuo ukavikubali vyeti hivyo kulipia kodi. Watu walikuwa na malimbikizo ya kodi. Basi mwenye duka aliyepokea cheti alijua kabisa pa kukipeleka. Bristol, Uingereza, nayo, ambayo sarafu yake ilianza 2012, ilikuwa na halmashauri iliyopokea kodi kwa sarafu hiyo, na meya George Ferguson akichukua mshahara wake wote kwayo. Ninyi huenda hamna meya. Mna shule ya binafsi, chama cha maji, mwenye nyumba mwenye vyumba vingi au ukumbi wa kukodi? Mmoja wao akikubali hata sehemu ndogo, ana uzito kuliko wanachama ishirini wapya.

Zisiwe chache, zisiwe nyingi

Miaka ya 1970 huko Washington, jozi takribani 150 za wazazi zilikuwa na chama cha kuangaliziana watoto kwa tiketi. Tiketi zikawa chache, kila mmoja akaziweka akiba kwa ajili ya siku ya shida, basi hakuna aliyetoka usiku na hakuna aliyepata nafasi ya kuangalia mtoto ili apate tiketi. Walipoziongeza, mambo yakachangamka. Baadaye wakaongeza mno, na tatizo likageuka: kila mtu alitaka kutoka, hakuna aliyetaka kubaki.

Kwa ubaya wa kuzidisha, somo ni Argentina. Klabu ya kwanza ya kubadilishana ilianza Bernal, jimbo la Buenos Aires, mwaka 1995. Uchumi ulipoanguka, watu wakamiminika, na kufikia 2002 vyeti vilikuwa vinatolewa na mitandao mbalimbali bila anayejua jumla, na vya bandia vikachanganyika humo. Thamani ikaporomoka na klabu nyingi zikafungwa.

Kwenye daftari la mikopo ya wanachama, wingi wa sarafu unadhibitiwa na vikomo. Kikomo cha kwenda chini kilingane na kile mtu anachoweza kweli kuwauzia wenzake katika mwezi mmoja au miwili, si na mali yake wala heshima yake. Mzee wa kanisa au wa msikiti asiye na cha kuuza kikundini apewe kikomo kidogo. Ndiyo, ni aibu kumwambia. Mwambieni.

Kila mwisho wa mwezi chukueni mauzo yote ya mwezi, myagawanye kwa jumla ya masalio yote yaliyo juu ya sifuri. Mauzo yakiwa 6,000 na masalio 2,000, kila alama imezunguka mara tatu, mko hai. Ikishuka chini ya moja, alama zimelala kwa watu wachache. Wapigieni simu kwa majina kabla ya kufikiria kuongeza kitu chochote.

Kuhusu sarafu inayopungua thamani ikikaa: Wörgl walibandika stempu ya asilimia 1 kila mwezi, na Chiemgauer nayo ina utaratibu wa aina hiyo. Inasukuma watu kutumia, hilo sibishi. Lakini ukimtoza mwenye duka kwa kushika alama ambazo hana pa kuzitumia, umemwadhibu aliyewabeba. Fungueni njia ya matumizi kwanza.

Haki haiji yenyewe

Sarafu mpya inaweza kubeba dhuluma ya zamani bila kumwaga hata tone. Nikiangalia orodha za bei za vikundi, kazi ya fundi umeme huandikwa kwa uhakika, na kazi ya kumwangalia mgonjwa usiku kucha huandikwa “maelewano”. Maelewano hapo maana yake ni kwamba mwanamke atalipwa kidogo.

Ithaca HOURS, sarafu ya mji wa Ithaca, iliyoanzishwa na Paul Glover katika jimbo la New York mwaka 1991, ilijaribu kuliweka jambo hili mbele. Noti moja ilihesabiwa saa moja ya kazi na kulinganishwa na dola 10, kiwango kilichokuwa karibu na ujira wa kawaida wa hapo, ingawa wenye taaluma waliweza kudai zaidi ya moja kwa saa. Mimi husema hivi: wekeni sakafu. Saa ya kazi yoyote isishuke chini ya kiwango mlichopiga kura, na ulezi na uuguzi viandikwe kwa bei kama kazi nyingine. Juu ya sakafu watu waelewane wenyewe.

Pili, undeni mfuko wa pamoja. Katika kila alama 100 za mauzo, 2 ziende mfukoni. Mfuko ulipe usafi wa mahali pa pamoja, umlipe mtunza daftari (naam, nimejitaja) na uwape kianzio wazee na wagonjwa wasioweza kuuza kitu. Mfuko nao uwe na kikomo kama mwanachama yeyote, maana kamati yenye daftari lisilo na kikomo hujikuta inajilipa posho.

Tatu, masalio yasomwe hadharani kwenye kila mkutano, ya wenyekiti pia. Wapo watakaosema ni kuvunjiana heshima. Anayejua kwamba salio lake litasomwa hapigi danadana.

Simu na sheria

Simu hurahisisha hesabu mkizidi watu thelathini hivi. Huko Kenya, mfumo wa Sarafu uliendeshwa kwa simu za kawaida zisizo na intaneti, na kati ya 2020 na 2021 ulikuwa na akaunti takribani 40,000. Mkiwa chini ya wale thelathini, kitabu na kalamu vinatosha, na vina faida kwamba kila mtu anaweza kuvishika na kuvikagua.

Sheria msiifanyie mzaha. Wörgl ilisimamishwa mwaka 1933 kwa nguvu ya benki kuu ya Austria. Mombasa, mwezi Mei 2013, Bangla-Pesa ilikuwa ndiyo kwanza imezinduliwa katika mtaa wa Bangladesh pale mwanzilishi wake Will Ruddick na wenzake walipokamatwa kwa madai ya kughushi. Mashtaka yakaondolewa mwaka huohuo. Vocha zile zilikuwa za wanachama kununuliana tu, na bado ilibidi wafike mahakamani kulieleza hilo. Basi jiandikisheni kama kikundi au ushirika. Andikeni barua kwa mamlaka kabla ya kuanza na mtunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Msitumie jina la pesa ya nchi wala nembo ya taifa. Kama mnatoa vocha ya karatasi, iandikwe waziwazi kwamba ni ya wanachama na haibadilishwi kwa pesa. Na anayefanya biashara aendelee kuhesabu mapato yake kwa ajili ya kodi, maana katika nchi nyingi kulipwa kwa alama hakufuti kodi.

Mtu akitoka

Hili liandikwe kwenye katiba kabla ya mwanachama wa kwanza kusaini, kwa sababu siku likitokea hakuna atakayekuwa mtulivu. Kila anayeruhusiwa kushuka chini awe na wadhamini wawili walio wanachama. Anayehama akiwa chini 90 alipe kwa kazi au bidhaa ndani ya muda mliokubaliana, au aweke pesa ya nchi mfukoni kwa thamani hiyo. Akitoroka, wadhamini wabebe nusu na mfuko ubebe nusu. Msilifute deni kimyakimya: zile 90 bado ziko mikononi mwa wengine, kilichoondoka ni mtu aliyepaswa kuzipokea. Anayehama akiwa juu apewe miezi ya kutumia, na kitakachobaki kiingie mfukoni.

Na mkiamua kufunga, fungeni kwa mpango. Tangazeni tarehe, mzuie madeni mapya, kisha vikomo vipunguzwe kila mwezi kuelekea sifuri ili walio chini wauze na walio juu wanunue. Mwezi wa mwisho itisheni siku moja ya soko ambapo kila mwanachama analeta alichonacho. Deni litakalosalia jioni hiyo lilipwe kwa pesa ya nchi, na mfuko uwalipe walio juu kwa uwiano wa masalio yao, mwenye duka akiwa wa kwanza kwenye foleni.